Bahasha namba 117

Jumapili ya pili ya Januari, baada ya ibada ya kwanza, mhazini wetu alisimama mlangoni na boksi la bahasha za ahadi akawa anaita majina. Si mnajua ilivyo, watu wameshaanza kutoka, watoto wanalilia biskuti, kwaya ya ibada ya pili wanajaribu maiki, na mzee wa watu anaita tu kwa sauti ile ile kama ya dirisha la dawa. Akaniita mimi. Nikapokea za kwangu, bahasha kumi na mbili zimefungwa na raba bendi. Kabla sijageuka akaita jina lingine.

Jina la mke wangu.

Namba 117. Majina yake yote matatu, yamechapwa vizuri bila kukosea hata herufi moja, na alipokuwa hai kila mwaka walikuwa wanamkosea jina la baba yake.

Waliokuwa karibu wakanyamaza. Mhazini akaiangalia ile pakiti, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Mwalimu, nisamehe sana. Ni hii kompyuta."

Nikamwambia hamna shida mzee. Halafu nikanyoosha mkono nikazichukua. Hata sijui kwanini.

Mke wangu alifariki Septemba 2023.

Naandika haya mwishoni mwa Februari 2025 na tangu siku ile sijaweza kuandika kitu kingine humu. Nilianza makala ya bei ya zabibu nikaiacha katikati. Nilianza ile ya mtaala mpya, nayo ikanishinda. Kila nikikaa naiona ile pakiti juu ya kabati, basi nikasema ngoja niandike hii kwanza labda zile makala zingine zitanipa nafasi.

Mtu wa hesabu

Mke wangu alikuwa anauza mitumba pale soko la Sabasaba, hapa Dodoma, na kila shilingi alijua imetoka wapi inakwenda wapi. Ahadi yake kanisani ilikuwa elfu kumi kwa mwezi. Mimi mwenye mshahara wa serikali niliahidi hiyo hiyo na nilikuwa nachelewa. Yeye hakuchelewa hata mara moja.

Kama mwezi hivi baada ya mazishi mama mkwe alikuja kutusaidia kupanga vitu vyake. Akachukua Biblia yake, ile ya zipu, akaifungua, zikadondoka bahasha tatu. Oktoba, Novemba, Desemba. Kila moja ina noti ya elfu kumi na imeshagundishwa kabisa.

Mama mkwe alilia sana, akasema unaona mwanangu, mwenzio alikuwa na imani mpaka dakika ya mwisho.

Mi sikulia. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, maana Agosti, yaani mwezi mmoja tu kabla hajaondoka, nilikwenda kukopa elfu hamsini kwa mwalimu mwenzangu ili tupate nauli ya kurudi kliniki Dar, nikabembeleza kama mtoto, nikasemwa kidogo na mbele ya watu, kumbe muda wote huo elfu thelathini imelala ndani ya Zaburi nyumbani kwangu. Nilitamani aamke tugombane. Hata dakika tano tu, tugombane, halafu alale tena.

Na kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji.

Zile bahasha nilizichana. Hela nilinunua mkaa na unga, iliyobaki nikaweka vocha.

Basi la alfajiri

Tuligundua mwishoni mwa 2022. Saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshasogea. Sitaeleza sana, waliopitia wanajua.

Mionzi ilikuwa Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, siku tano kwa wiki, kwahiyo alikaa kwa dada yake Kimara na mimi nikawa napanda na kushuka kila nikipata ruhusa shuleni. Akimaliza awamu narudi naye nyumbani, tarehe ya kliniki ikifika tunaondoka tena. Kilomita kama 450. Stendi ya Nanenane saa kumi na mbili asubuhi, Kibaigwa, Gairo, Morogoro, Chalinze, Mbezi. Kwa mtu mzima ni safari ya kawaida tu, unanunua mahindi ya kuchoma dirishani unalala. Kwa mtu aliyetoka kwenye mionzi kila tuta ni kisu. Alikuwa anashika siti ya mbele kwa mikono miwili, anahesabu matuta kimya kimya, nilikuwa naona midomo tu inacheza. Mwanzoni nilidhani anasali.

Agosti 2024 SGR, ile reli mpya ya umeme, ikazinduliwa rasmi, treni inafika mpaka Dodoma. Masaa matatu na nusu hivi uko Dar, na hakuna tuta hata moja. Mji mzima ulishangilia na mimi nilishangilia. Oktoba nikaipanda kwenda kwenye semina, nikakaa dirishani, chai yangu hapa, na tulipoipita Morogoro nikaanza kulia kwa namna ambayo yule dada muhudumu alikuja kuniuliza kaka, unaumwa?

Nilikuwa naongea na Mungu. Nilikuwa namwambia, mwaka mmoja tu. Ungekiwahisha hiki kitu mwaka mmoja tu asafiri kama binadamu, kwani ungepungukiwa nini?

Ulikuwa umepita mwaka na zaidi tangu msiba na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza naongea naye kwa maneno yangu mwenyewe. Kama ile ilikuwa sala, basi ilikuwa sala.

Tumepanda kwenye lami

Hapa naomba mnivumilie kwasababu bado naona aibu.

Katikati ya matibabu kuna ndugu alituambia kuna mtumishi anaombea watu wanapona. Mimi nimelelewa kwenye kanisa la vitabu vya ibada na sauti ya chini, mambo ya kupiga kelele hayakuwa yangu, ila ukiwa na mgonjwa ndani huchagui mlango wa kugonga. Tukaenda. Wakatupa mafuta ya upako na wakatuambia tupande mbegu, yaani tutoe sadaka. Tuliuza mbuzi watatu. Wakati wa kuondoka tukaambiwa imani ikiwa ndogo na jibu linakuwa dogo.

Tukawa tumekaa kwenye bajaji tunarudi, mimi moyo unanienda mbio, nikasikia mwenzangu anacheka, anacheka mpaka anashika tumbo linamuuma. Namuuliza nini, akasema, "Baba, tumepanda mbegu kwenye lami."

Na hakumzungumzia tena yule mtu. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake, na bahasha yake. Mimi ndo nilibaki na lile neno, imani ikiwa ndogo. Alipofariki ndilo lililonirudia kabla ya machozi. Nikawa najiuliza ni ya nani iliyokuwa ndogo, ya kwake aliyegundisha bahasha za miezi ambayo hakuifikia, au ya kwangu. Kama ni ya kwangu basi nimemuua mimi. Unaona akili inavyoweza kukupeleka.

Ayubu sura ya kwanza

Msibani watu wanasema wanachokijua. Sina ugomvi nao, na mimi nimeshayasema hayo hayo kwenye misiba ya watu. Mungu amempenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa. Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

Hilo la mwisho ni la Ayubu na lipo sura ya kwanza. Kitabu kina sura 42. Ukifungua ya tatu tu unamkuta Ayubu huyo huyo analaani siku aliyozaliwa, na anaendelea kulalamika kwa sura nyingi, anamwita Mungu waje wasikilizane kama kwenye kesi. Halafu mwishoni Mungu anawakasirikia wale rafiki zake waliokuwa wanamtetea Yeye, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Sijawahi kusikia msibani mtu akisoma sura ya tatu. Tunakomea ile ya kwanza kwasababu inatusaidia kuondoka mapema.

Wale rafiki wenyewe kabla hawajaharibu walifanya jambo moja zuri. Walikaa chini naye siku saba bila kusema neno.

Kwangu alikuja bibi mmoja wa kule kwetu njia ya Mvumi, ana ukoo na mama yangu. Alisema "mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, pale mlangoni, akaitikiwa, akakaa kwenye mkeka, na nadhani siku ile hakusema neno lingine. Alichambua mlenda. Kesho yake akasonga ugali wa uwele akanisogezea, nikasema sina njaa, hakunibembeleza, akaacha sahani pale pale mpaka nikala. Siku nne.

Siku ya kuondoka ndo akanisimulia habari za mama yake. Mama yake alikuwa binti mdogo wakati wa Mtunya. Wagogo mnaijua hiyo, njaa ya baada ya 1917, vita vya wazungu vilipopita huku, Wajerumani wakachukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, wakaja Waingereza nao wakachukua, halafu mvua ikagoma. Watu walikufa kwa maelfu. Bibi alisema nyumbani kwa mama yake walichemsha ngozi za kulalia wakala, na katika watoto wote alibaki yeye na kaka yake mmoja. Alibatizwa miaka mingi baadaye akiwa na watoto wake.

Nikamuuliza bibi, sasa huyo mama hakumuuliza Mulungu kwanini?

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Alimuuliza. Alikuwa anamuuliza kila siku wakati wa kutwanga. Sisi tulikua tunamsikia."

Kupogoa

Tuna ekari moja ya zabibu Mpunguzi, aina ya Makutupora nyekundu. Ilikuwa ya mke wangu zaidi kuliko yangu. Zabibu kwa asiyejua ni kazi ya mkasi, ukishavuna unapogoa karibu na shina, linabaki gogo baya kabisa kama limekufa, baada ya muda linatoa macho, na kwa huku kwetu unavuna mara mbili kwa mwaka. Usipopogoa inakuwa msitu wa majani.

Sasa kuna ndugu mmoja katika Kristo alinifuata kama miezi miwili baada ya msiba, akaniambia Mwalimu, Mungu anakupogoa ili uzae zaidi.

Nilinyamaza kwa heshima ila nilitoka pale natetemeka. Mimi nashika mkasi kila mwaka. Anayepogoa anakata tawi akijua hapo hapo patachipua lingine. Mke wangu siyo tawi langu. Alikuwa ni mtu, alikuwa na mambo yake na Mungu wake, hakuletwa duniani aje akatwe ili mimi niwe muumini mzuri. Kama kuna sehemu nimekataa kata kata na bado nimebaki Mkristo ni hapo.

Shamba niliacha bila kupogoa msimu mzima. Sababu ya kweli ni uvivu na huzuni, ila moyoni nilikuwa kama nimegoma.

Kila sikukuu ya mavuno lazima mtu asome Habakuki, pale anaposema hata mzabibu usipozaa na zizi likiwa tupu, atamfurahia Bwana. Ni andiko letu watu wa Dodoma, zabibu na mifugo vyote vipo, kama vile alipita hapa. Mwaka jana niliisoma mwenyewe nimesimama katikati ya yale majani na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Habakuki hasemi kwamba mwakani itazaa. Hatoi ahadi yoyote ya msimu ujao, zizi analiacha tupu vile vile, na wimbo anauimba hapo hapo. Mi bado sijafika kwenye kufurahia. Ila nilimshukuru kwa kutonidanganya kuhusu mwakani.

Foleni ya wasichana

Aprili 2024 wahudumu wa afya walikuja shuleni kwetu na chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilishinda asubuhi yote nikipanga foleni, nyie wa mbele sogeeni, wewe acha kulia hata haujaguswa. Kuna wazazi waligoma kwasababu ya meseji za mitandaoni kwamba inaharibu uzazi, na ilibidi niende kwenye nyumba tatu kuongea nao. Kwenye nyumba ya tatu nilishindwa hoja zote, nikasema tu mama yake binti yangu alikufa kwa ugonjwa huu. Baba akanyamaza, akamleta mtoto.

Binti yangu alikuwa wa kumi na sita kwenye mstari. Alikuwa na miaka 11. Akapokea sindano, akashika bega, akarudi darasani.

Chanjo hii ilianza kutolewa nchi nzima 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Mama yake alizaliwa 1985. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nimeshaifanya mara nyingi usiku. Na hapo sikuwa na hasira wala shukrani, nilikuwa na vyote kwa pamoja, nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikasimama kidogo, nikarudi kuendelea na zamu.

Mzee wa benchi la nyuma

Mtu anaweza kuuliza sasa kwanini uliendelea kwenda kanisani. Kwakweli ni kwasababu ya watoto, na kwasababu ukikosa Jumapili mbili wazee wa kanisa wanakuja na wewe huna hata soda ya kuwapa.

Nilikuwa naimba besi. Niliacha. Nikawa nasimama kwenye benchi na mdomo nimefunga, na sehemu iliyonishinda zaidi ni ile ya kukiri imani, kwasababu ndo sehemu unasema mimi naamini, mimi, hadharani. Nikaona nisidanganye. Watu wote wanakiri, mimi natazama feni.

Nyuma yangu anakaaga mzee mmoja ambaye masikio yameshachoka. Hasikii mwenzake anasema nini kwahiyo anakwenda na mwendo wake, na anasema kwa sauti kubwa. Kanisa zima limeshamaliza, limenyamaza, na yeye bado yuko kwa Pontio Pilato. Watoto wanacheka chini chini. Mchungaji ameshazoea, anasubiri. Mzee anashuka mdogo mdogo, anasulubiwa, anakufa, anazikwa, siku ya tatu, mpaka anafika uzima wa milele, peke yake, kwenye kanisa la watu mia tatu walio kimya.

Nilimsikiliza hivyo miezi mitano. Sikuwa na la kufanya, yuko nyuma ya kisogo changu.

Pasaka ya 2024 nilijikuta nimeona aibu. Kumuacha mzee wa watu amalizie peke yake siku ya Pasaka, niliona siyo adabu tu. Basi alipobaki mwenyewe nikaanza kusema naye, kwa sauti ya chini, kwenye mwendo wake, kuanzia alipokuwa amefika. Nadhani hakunisikia. Sikujiuliza kama naamini au siamini, nilikuwa nahangaika nisimtangulie.

Na mpaka leo ndivyo ninavyokiri. Nawaacha wengine wamalize, halafu namsindikiza mzee.

Nimfute?

Jumamosi iliyopita nikaona nisikae na mali ya watu, nikaibeba pakiti ya namba 117 nikaenda ofisi ya kanisa. Mhazini alikuwepo na yule kijana anayemsaidia kompyuta. Mzee akaniomba msamaha tena, akatoa daftari lake la zamani kunionyesha kwamba yeye hakukosea, na kweli, jina la mke wangu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu kwa rula, pembeni ameandika "amelala" na tarehe. Shida ilikuja walipohamishia majina kwenye kompyuta, kijana akanakili orodha ya mwaka 2022. Kwahiyo kwenye daftari amekufa na kwenye kompyuta yupo.

Kijana akatafuta jina, akalipata. Akaweka kidole kwenye kitufe.

"Nimfute, Mwalimu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ndicho kilichonipeleka pale.

Nikasema, "Subiri kwanza. Ana deni la 2023. Miezi mitatu."

Mhazini akasema hapana Mwalimu, marehemu hadaiwi. Nikamwambia mzee, huyu alishalipa, hela ilipotelea kwangu. Alinitazama sana. Hakuuliza. Akamwambia kijana, liache hilo jina, nenda kwenye la chini yake.

Nikachomoa bahasha ya Januari, nikafuta Januari kwa kalamu nikaandika Oktoba 2023, nikaweka elfu kumi, nikagundisha. Mzee akaandika kwenye daftari, pale pale juu ya ule mstari mwekundu kwasababu hapakuwa na nafasi nyingine.

Bado Novemba na Desemba. Mwaka huu zabibu zimezaa, siyo sana, tumevuna wiki iliyopita, na mnunuzi kasema atalipa mwisho wa mwezi, na nyie wenzangu wa Dodoma mnaujua mwisho wa mwezi wa mnunuzi wa zabibu.